Chakula Kinaingia, Mwili Haukipati: Kisa cha Mama wa Ahero Mwenye Saratani ya Kongosho

Mgonjwa ni mama wa miaka 61, mkulima wa mpunga upande wa Ahero, Kaunti ya Kisumu. Kisa chake tumekiunda kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho, kwa hiyo hamna jamaa fulani anayesimuliwa hapa. Makosa yaliyomo hutokea kila mara, na mengi yanarekebishika nyumbani mara tu anayepika na anayeuguza wanapojua cha kutazama.

Uvimbe wake uko kwenye kichwa cha kongosho na umeshikana na mishipa mikubwa ya damu, ndiyo maana upasuaji haukuwezekana. Macho yalipogeuka manjano aliwekewa mrija wa kuzibua njia ya nyongo, kisha akaanza kemo (dawa za kupambana na saratani). Manjano ikaisha, kuwashwa mwili kukaisha, na watu wa nyumbani wakatarajia mwili utarudi. Haukurudi. Kabla ya kuugua alikuwa na kilo 64. Miezi mitatu baada ya mrija mizani ilisoma 51. Anaenda msalani mara tano au sita kwa siku, tumbo linajaa gesi na kunguruma kila akila, na sasa sahani ikiletwa anageuza uso.

Katika miezi hiyo alitibiwa amiba mara mbili na homa ya matumbo mara moja kwenye kliniki ya mtaani, akameza dawa za minyoo, akanywa manyasi (dawa za miti shamba) aliyoletewa na shemeji. Kuendesha hakukukoma. Hatimaye daktari akamwandikia vimeng'enya vya kongosho, yaani dawa ya kusaidia kuvunja chakula: kapsuli moja ya yuniti 25,000 mara tatu kwa siku. Wiki tatu zikapita bila tofauti yoyote, na kikao cha familia kikakata kauli kwamba ugonjwa umeshinda, mama aachwe apumzike.

Kauli hiyo ilikuja mapema mno. Mama huyu alikuwa anakufa njaa huku anakula.

Mafuta ndiyo ya kwanza kupotea

Kongosho lenye afya humwaga kwenye utumbo mwembamba vimeng'enya vya aina tatu: vya kuvunja mafuta, vya kuvunja protini na vya kuvunja wanga. Humwaga pia maji yenye bikaboneti, ambayo hupoza asidi inayoshuka kutoka tumboni. Uvimbe ukikaa kichwani mwa kongosho hubana mfereji wake, na vyote hivyo hubaki nyuma ya kizuizi. Wanga una msaada mwingine, kwa kuwa mate huanza kuuvunja mdomoni. Protini nayo huanza kuvunjwa na asidi ya tumbo. Mafuta hayana msaada wa kutosha mahali pengine. Yanashuka yalivyo hadi utumbo mpana, yanavuta maji, na mgonjwa anakimbilia choo. Yakitoka, yanatoka na vitamini A, D, E na K, zinazosafiri ndani ya mafuta. Kupungua kwa vitamini K hujionyesha kwa fizi kutoka damu au alama za michubuko bila kugongwa.

Utambuzi uko kwenye kinyesi chenyewe. Kikiwa na mafuta huwa cheupe au cha manjano iliyopauka, kinang'aa, kinanuka kuliko kawaida, kinaelea, na wakati mwingine juu ya maji kuna utando wa mafuta. Vitabu vingi husema "hakisombwi na maji ya kuvuta," maelezo yasiyomsaidia mtu wa Ahero anayetumia choo cha shimo. Shimoni hakionekani. Mama huyu hakuwahi kukiona kinyesi chake tangu augue, na kila alipoulizwa hospitalini alijibu tu kwamba "naendesha". Dawa ni poti ya plastiki au beseni la zamani lenye maji kidogo, litumike siku mbili au tatu, mtu avae glavu, atazame, kisha amwage na kuliosha kwa dawa ya kuua viini.

Nani atazame? Mwana wa kiume hawezi kumuuliza mamake habari za choo, na mkaza mwana anaona haya. Kwenye boma hili kazi hiyo ilifaa kupewa mjukuu wa miaka 19. "Dani (yaani bibi, kwa Kijaluo), leo kilikuwaje?" ni swali ambalo bibi hujibu akicheka. Mjukuu akaandika kwenye daftari: mara ngapi, rangi, kama kinaelea, na mlo uliotangulia ulikuwa nini. Ukurasa huo mmoja ulimsaidia daktari kuliko vipimo vyote vya amiba.

Kipo kipimo cha maabara cha kimeng'enya kwenye kinyesi, lakini kwa mtu mwenye uvimbe kichwani mwa kongosho na dalili hizi hakuna haja ya kukisubiri. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa 2018 unasema wazi kwamba mwenye saratani ya kongosho isiyoweza kupasuliwa apewe vimeng'enya.

Hata hivyo, kabla ya kulaumu vimeng'enya ni lazima mambo mengine yaondolewe. Mrija wa nyongo ukiziba, mafuta pia hayameng'enywi, kwa sababu nyongo ndiyo huyapasua vipande vidogo. Mrija wa plastiki mara nyingi huziba baada ya miezi michache, wa chuma hudumu zaidi. Mgonjwa anayekunywa mofini ya kutuliza maumivu anaweza kufunga choo siku kadhaa, kisha maji maji yakapenya pembeni ya kinyesi kigumu, na nyumbani wakasema anaharisha. Huyo anahitaji dawa ya kulainisha choo, na dawa ya kuzuia kuhara itamdhuru. Metformin ya kisukari huharisha pia. Baadhi ya dawa za kemo huleta kuhara kwa majimaji kusiko na mafuta. Mama huyu alikaguliwa yote hayo: macho meupe, mkojo wa rangi ya kawaida, hatumii mofini wala metformin. Kilichobaki ni mafuta.

Kapsuli zilikuwa sahihi, matumizi ndiyo yaliyokosewa

Hapa ndipo kisa kilipojificha, na hapa ndipo tungependa msomaji akae sana.

La kwanza ni kipimo. Yuniti 25,000 kwa mlo kamili ni chache. Kwa mtu mzima wa hali hii, kuanzia kunakofaa ni 50,000 hadi 75,000 kwa mlo mkubwa, na 25,000 hadi 50,000 kwa kitu kidogo cha katikati kama uji wa maziwa. Kipimo hupandishwa kwa kufuata kinyesi: kikiendelea kung'aa na kuelea, daktari au mtaalamu wa lishe anaongeza kapsuli kwenye mlo husika. Hii si dawa ya "mbili mara tatu" inayohesabiwa kwa saa. Inahesabiwa kwa chakula. Siku asiyokula mchana, za mchana hazimezwi. Siku kuna samaki mbuta wa kukaanga, zinaongezeka.

La pili ni wakati. Mama alikuwa akimeza baada ya kula, kama alivyozoea dawa nyingine. Vimeng'enya vinafanya kazi kwa kuchanganyika na chakula ndani ya utumbo. Vikifika chakula kimeshapita, havina cha kuvunja. Kapsuli ya kwanza imezwe na tonge la kwanza, ya pili katikati ya mlo. Kwa mtu anayekula polepole, ikipita nusu saa bado anakula, anaongeza nyingine.

La tatu ni chai. Alizimeza kwa chai ya moto. Joto huviua vimeng'enya, kwa hiyo zimezwe kwa maji baridi, ndipo kikombe kifuate. Na chai yenyewe, ya maziwa nusu kwa nusu kama inavyopikwa huku, ni chakula chenye mafuta: kikombe chake kinahitaji kapsuli yake. Mama alikuwa anakunywa vikombe vinne kwa siku bila kimeng'enya hata kimoja, na hakuna aliyevihesabu kuwa chakula. Chai ya rangi, soda, juisi na matunda mengi havihitaji. Avokado inahitaji.

La nne ni mahali pa kuweka. Chupa ilikuwa juu ya rafu jikoni, chini ya mabati, karibu na jiko. Kapsuli hizi hutakiwa zisikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 25, na mchana wa Kisumu hupita hapo bila shida. Chupa ikae chini, chumba cha kulala, kivulini, imefungwa vizuri isiingie unyevu. Ukisafiri kwenda kliniki chukua za siku hiyo tu, usiiache chupa nzima kwenye gari lililoegeshwa juani. Na nunua za muda mfupi mfupi badala ya kuweka akiba.

La tano lilichukua muda kujulikana, kwa kuwa mama hakulisema. Yeye ni Msabato. Karatasi ya ndani ya kisanduku ilisema vimeng'enya vimetokana na kongosho la nguruwe, mjukuu akaisoma kwa sauti, na tangu siku hiyo bibi akawa anameza moja asubuhi mbele ya watu, nyingine anazitia chini ya mto. Hili alipaswa kuambiwa mapema na mwenye kumwandikia dawa, kwa heshima, kisha aamue mwenyewe. Alizungumza na mchungaji wake, akaona dawa ya kuokoa mwili si sawa na kitoweo, akakubali. Mwingine angeweza kukataa, na huyo asilazimishwe. Apangiwe mlo wenye mafuta machache sana na aelezwe kwamba uzito utaendelea kushuka kwa kasi zaidi. Waislamu hukutana na swali lilelile, na inafaa waulize maulamaa wao kabla ya siku ya kwanza kumeza.

Kuna mambo mengine madogo yenye madhara makubwa. Kemisti akikosa kapsuli za 25,000 akatoa za 10,000, usibadilishe kapsuli moja kwa kapsuli moja: mlo wa yuniti 50,000 sasa unataka kapsuli tano. Zile tembe na sharubati za "kusaga chakula" zinazouzwa bei nafuu kwa ajili ya gesi hazichukui nafasi ya hizi. Papai nalo lina kimeng'enya cha kuvunja protini, mafuta haliyagusi.

Asiyeweza kumeza kapsuli nzima anaweza kuifungua na kumwaga chembechembe kwenye kijiko cha kitu laini, baridi na chenye uchachu: embe lililopondwa au maziwa lala (ya mgando). Ameze mara moja bila kutafuna, anywe maji, na asuuze mdomo, maana chembe zikibaki kwenye fizi huleta vidonda. Zisitiwe kwenye maziwa mabichi, uji, wala mrenda uliopikwa kwa munyu au magadi: ganda la chembe hizo hustahimili asidi na huyeyuka mahali pasipo na asidi, kwa hiyo litafunguka bakulini na asidi ya tumbo itaviua vimeng'enya kabla havijafika utumboni. Kwa sababu hiyohiyo ya asidi, mgonjwa ambaye ameongeza kipimo na bado haoni nafuu huandikiwa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, kwani kongosho lake halitoi tena bikaboneti ya kutosha kuipoza asidi utumboni.

Sahani yake

Kwa miezi mitatu mama huyu alikula kwa kukatazwa. Mmoja alimwambia aache mafuta, mwingine sukari kwa kuwa "inalisha saratani", mwingine nyama, mwingine akamletea juisi ya viazisukari (bitiruti) na karoti asubuhi na jioni. Kilichobaki kilikuwa ugali, mrenda na nyoyo (mahindi na maharagwe). Kwa mtu mzima mwenye afya hicho ni chakula kizuri. Kwa huyu, mahindi na maharagwe vilijaza tumbo upesi, vikaleta gesi, na kuacha nishati kidogo. Mtu anayepoteza kilo hana nafasi ya kushiba kwa makapi.

Lengo la kawaida kwa mgonjwa wa saratani ni kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini gramu 1.2 hadi 1.5. Kwa kilo 51 hiyo ni kalori 1,275 hadi 1,530, na protini gramu 61 hadi 77. Haipatikani kwa milo miwili mikubwa, kwa kuwa hawezi kumaliza sahani kubwa. Inapatikana kwa kula kidogo mara sita.

Uji ulikuwa mahali rahisi pa kuanzia. Alizoea vijiko vikubwa vitatu vya unga wa wimbi kwa maji: kalori kama 100. Unga uleule ukipikwa kwa maziwa mililita 250, ukaongezwa kijiko kikubwa kimoja cha siagi ya njugu na kimoja cha sukari, unafika karibu 390 bila bakuli kuongezeka ukubwa. Kapsuli mbili zinaenda nao. Maziwa ya siku nzima, nusu lita, yakorogewe vijiko vikubwa vinne vya maziwa ya unga kabla ya kutumika kwenye chai na uji. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori 120. Kikiingia kwenye wali hakionekani. Ndiyo, mafuta. Vimeng'enya vikitumika ipasavyo hakuna sababu ya kumnyima, na kumnyima ndiko kunakomkausha.

Wali wa Ahero ukawa rafiki wa tumbo lake: laini, makapi machache, hauleti gesi. Ugali uliendelea, tonge chache, wa unga uliokobolewa. Samaki bila miiba, ngege au mbuta, gramu 100 hutoa protini zaidi ya gramu 20. Mayai mawili gramu 12. Nusu lita ya maziwa gramu 16. Zinazobaki hutoka kwenye wimbi, njugu na wali. Omena (dagaa) ioshwe vizuri, ikaangwe, kisha ichemshwe kwa maziwa hadi ilainike. Osuga (mnavu) na mrenda vikae pembeni ya sahani, vijiko viwili, si mlima. Maji na chai vinywewe kati ya milo, visichukue nafasi ya chakula.

Harufu ya samaki anayekaangwa ilimchefua siku mbili tatu baada ya kemo. Siku hizo apikiwe nje, mbali na chumba chake, na apewe vya baridi: maziwa lala, embe, viazi vitamu vilivyopoa. Dawa ya kichefuchefu imezwe nusu saa kabla ya mlo, isisubiri atapike. Manyasi yalisimamishwa wakati wa kemo, kwa kuwa haijulikani yanafanya nini ini likiwa linabeba dawa hizo. Shemeji alielezwa kwa upole, naye akaanza kuleta mayai.

Sukari ilipopanda

Wiki ya pili ya mpango mpya, sukari ya damu ilisoma milimoli 15 kwa lita kabla ya mlo. Nyumbani wakaogopa wakataka kurudi kwenye uji wa maji. Jambo hili hutarajiwa: kongosho lililoharibika hutoa insulini kidogo, na zamani chakula kilikuwa kinapita bila kuingia kwenye damu. Sasa kinaingia. Jibu sahihi ni kuitibu sukari na kuacha chakula kiendelee. Daktari alimwanzishia insulini kwa kipimo kidogo, kwa tahadhari, maana kongosho hili limepoteza pia homoni ya kuinua sukari inaposhuka. Akitokwa jasho, akitetemeka au akichanganyikiwa, apimwe. Ikiwa chini ya 4, apewe vijiko vya chai vinne vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15.

Gharama ndiyo iliyoumiza zaidi. Mpango ulikuwa kapsuli mbili kwa kila mmoja wa milo mitatu, na moja kwa kila kimoja cha vitu vitatu vya katikati, ila uji ukiwemo unachukua mbili: kapsuli tisa au kumi kwa siku, yaani chupa ya 100 inaisha siku ya 10 au 11. Familia iulize kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024, nini kinalipwa na nini hakilipwi kabla ya kununua. Wiki ambayo pesa zimepungua, ushauri wetu ni huu: kapsuli zilizopo ziende zote kwenye milo miwili yenye mafuta na protini, na iliyobaki iwe wali, ndizi, viazi na matunda bila mafuta. Kuzigawa moja moja kila mlo ndiko kulikomfikisha hapa.

Siku ya nne ya kufuata haya gesi ilipungua. Kufikia siku ya kumi alienda choo mara mbili, kinyesi kikawa na rangi na kikazama. Uzito ulisimama kwenye kilo 51, ukapanda hadi 53 ndani ya wiki sita, na dozi ya kemo iliyokuwa imeahirishwa kwa udhaifu ikatolewa. Apimwe kila wiki kwa mizani ileile, asubuhi, kabla ya chai. Na kabla ya kushangilia kilo zilizoongezeka, tazama miguu na tumbo, kwa kuwa maji mwilini nayo yana uzito.

Baadhi ya mambo hayasubiri kliniki ya wiki ijayo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, macho kurudi manjano au mkojo kuwa kama chai ya rangi: huenda mrija umeziba au umeingia maambukizi, na mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Kutapika chakula cha jana kikiwa hakijasagika ni dalili kwamba uvimbe unabana njia ya kutoka tumboni. Kuongeza kapsuli hakusaidii, anahitaji daktari. Kinyesi cheusi kama lami, au damu, vivyo hivyo.

Huduma ya kupunguza mateso ianze mapema, wakati bado anakula. Kisumu Hospice, na Nakuru Hospice kwa walio upande ule, hushughulikia maumivu, na mtu anayeumwa hawezi kula. Ikifika wakati ambapo anakubali vijiko viwili tu vya maziwa lala, apewe hivyo viwili anavyovitaka, bila kushikiwa sahani, na hesabu ya kalori iwekwe kando. Kapsuli ziendelee pale tu ambapo bado kuna chakula chenye mafuta na zinampunguzia gesi na maumivu ya tumbo; akishindwa kumeza ziachwe. Insulini ipunguzwe na daktari kadiri chakula kinavyopungua, isiendelee kwa kipimo cha zamani.